Jibu la Maabara Lahitaji Shahidi

Mazungumzo kwa walimu na watumishi wa umma wa Mkoa wa Songwe



Lori litokalo Bandari ya Dar es Salaam kwenda Zambia au Kongo hupimwa uzito mara kadhaa kabla ya kufika Tunduma. Hupimwa Vigwaza, hupimwa Makambako, na hupimwa tena Mpemba, karibu kabisa na mpaka. Kama mzigo haukuguswa njiani, uzito hauna budi kukaribiana. Siku mizani mbili zitakapotoa majibu mawili yaliyo mbalimbali, dereva hatauliza ni ipi iliyo mpya au ni ipi iliyojengwa kwa fedha nyingi zaidi. Atauliza ni ipi iliyohakikiwa, na ni nani aliyeihakiki. Mkulima wa kahawa wa Mbozi naye analo swali hilo hilo kila anapofikisha gunia lake kwenye chama cha msingi. Hakuna mtu katika mkoa huu asiyejua hasara ya mizani mbovu.

La ajabu ni kwamba swali hilo, ambalo kila mtu huliuliza juu ya kahawa na mahindi, ni nadra kuulizwa juu ya damu. Mwananchi hutolewa damu, husubiri kwenye benchi, hupewa karatasi, naye huipokea karatasi ile kama hukumu. Kwa karatasi hiyo daktari ataamua mgonjwa apewe dawa gani, mtoto aongezwe damu au asiongezwe, na mama mjamzito aanzishiwe dawa za kumkinga mwanawe au asianzishiwe. Kwa hiyo yafaa na maabara nayo iulizwe: mizani yake imehakikiwa na nani?

HASARA YA JIBU BOVU

Jibu bovu la maabara halipigi kelele. Daraja likivunjika watu huona. Jibu likikosewa mgonjwa hurudi nyumbani na dawa isiyo yake, na akifa husemwa kwamba siku zake zimetimia. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti uliofanywa katika hospitali 10 za kaskazini mashariki ya Tanzania. Watafiti waliwafuatilia watu waliolazwa kwa kuandikiwa malaria, na kati yao walikuwamo wagonjwa 4,474 waliokuwa katika hali mbaya. Damu zao zilipochunguzwa kwa uangalifu, waliokutwa na vijidudu vya malaria walikuwa 2,062, yaani chini ya nusu. Tena, wale ambao hawakuwa na vijidudu ndio waliokufa zaidi kwa uwiano. Sababu yaeleweka: walikuwa na ugonjwa mwingine, na ugonjwa huo haukutafutwa kwa kuwa jina la malaria lilikwisha kuandikwa.

Tangu wakati huo kipimo cha haraka cha malaria kimeenea hata katika zahanati za vijijini, na hali imebadilika sana. Lakini tabia ile haikufa; imehamia kwingine. Walimu wangapi, na makarani wangapi, wamekwisha kuambiwa wana taifodi kwa kipimo kimoja tu cha Widal? Kipimo hicho kilibuniwa mwaka 1896, nacho hakitafuti vijidudu vyenyewe. Hutafuta alama ambazo mwili huziacha katika damu baada ya kupambana na vijidudu, na alama hizo huweza kubakia muda mrefu baada ya mtu kupona, au kuonekana kwa sababu ya homa nyingine. Njia iliyo imara zaidi ni kuotesha damu na kuona kama kijidudu chenyewe kimo. Hiyo yahitaji siku kadhaa, vifaa na mikono safi. Pasipo hayo, mwananchi hunywa dawa kali mara nne kwa mwaka kwa ugonjwa ambao labda hana, na vijidudu navyo vinazidi kuizoea dawa hiyo. Huo ni msiba wa jamii nzima.

UBORA NI KAZI YA KILA SIKU

Watu wengi wakisikia neno "ubora" hufikiria mashine. Madiwani huahidi mashine, wafadhili huleta mashine, na magazeti hupiga picha za mashine. Mashine ni jambo jema. Mashine ya GeneXpert, kwa mfano, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipitisha mwaka 2010, huweza kutambua kifua kikuu kwa muda wa saa mbili hivi, na pia kuonyesha kama kijidudu kimekwisha kuikaidi dawa ya rifampisini. Katika mkoa wenye wachimbaji wa dhahabu kule Mkwajuni na Saza, na wenye madereva wanaolala safarini siku nyingi, faida ya chombo hicho haina haja ya maelezo. Lakini mashine haijui makohozi iliyowekewa ni ya nani. Ikiwa chupa ya Juma imeandikwa jina la Asha, mashine itatoa jibu sahihi kabisa la mtu asiyehusika.

Hapo ndipo palipo na kiini cha jambo. Mwaka 1997 wataalamu wa Padua, nchini Italia, walichapisha hesabu ya makosa yaliyotokea katika maabara yao ya dharura. Walikuta kwamba zaidi ya theluthi mbili ya makosa hayo yalitendeka kabla sampuli haijaingia katika mashine: damu imetolewa vibaya, chupa siyo, jina siyo, fomu haikujazwa. Ikiwa ndivyo ilivyokuwa Italia, hakuna sababu ya kufikiri kwamba Tunduma au Itumba makosa yatangoja mpaka mashine iwashwe.

Basi usimamizi wa ubora maana yake ni kuilinda njia nzima, tangu sindano inapoingia mkononi hadi jibu linapomfikia daktari. Kazi zenyewe ni ndogo ndogo, wala hazina fahari. Jokofu la vitendanishi lapaswa kubaki kati ya nyuzi 2 na 8 za Sentigredi. Kwa hiyo yuko mtu anayesoma kipimajoto asubuhi na jioni na kuandika alichokiona. Kila siku, kabla ya damu ya wagonjwa, mashine hupewa sampuli ambayo kiasi chake kinajulikana, na jibu lake hutiwa nukta kwenye chati. Nukta ikivuka mstari, kazi husimama mpaka sababu ijulikane, hata kama foleni imefika mlangoni. Mara kwa mara maabara huletewa kutoka nje sampuli ambazo majibu yake hayajui, huzipima kama inavyowapima wagonjwa, huyapeleka majibu yake, kisha huambiwa imepata mangapi na imekosa mangapi. Kosa likitokea halifichwi. Huandikwa, hutafutwa mzizi wake, na huandikwa pia hatua iliyochukuliwa ili lisirudi. Wataalamu wa kazi hii wana msemo wao: lisiloandikwa halikutendeka.

MTIHANI WA NJE

Ndugu walimu wataielewa maana ya ithibati upesi kuliko watu wote. Shule haijitungii mtihani wa taifa wala haijisahihishii. Mwalimu mkuu aweza kuwa mwaminifu kuliko watu wote wa wilaya, na bado alama alizojipa mwenyewe hazitapokelewa mahali pengine, kwa kuwa hakuna aliyezishuhudia. Ithibati ni mtihani wa nje wa maabara. Watu wasiokula mshahara wa hospitali ile huja, hufungua majalada, huwatazama wafanyakazi wakifanya kazi, hulinganisha kilichoandikwa na kinachotendeka, kisha husema mbele ya ulimwengu: majibu ya maabara hii, kwa vipimo hivi na hivi, yanaweza kuaminiwa.

Kipimo kinachotumika ulimwenguni ni kiwango cha ISO 15189, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 2003 na kurekebishwa mara kadhaa, toleo la nne likiwa la Desemba 2022. Kwa maabara nyingi za Afrika kiwango hicho kilionekana kama mlima usio na njia. Januari 2008 lilitolewa Azimio la Maputo, lililozitaka serikali ziziimarishe maabara za afya kama nguzo mojawapo ya huduma, badala ya kuziacha ziwe chumba cha nyuma ya hospitali. Mwaka 2009, mjini Kigali, Shirika la Afya Duniani na washirika wake wakazindua mpango wa kupanda mlima huo kwa ngazi. Maabara hukaguliwa kwa orodha, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa na sehemu 12, na hupewa nyota. Isiyofika asilimia 55 haina nyota hata moja. Inayofika 95 hupata nyota tano, na hapo huwa karibu na lango la ithibati yenyewe.

Mafunzo ya mpango huo yalianza Tanzania mwaka 2010. Utaratibu wake unastahili kusifiwa. Wafanyakazi hawakuitwa mjini wakajaze madaftari kisha warudi kulala. Walikutana kwa siku chache, wakarudi katika vituo vyao na kazi ya kutengeneza jambo moja mahususi, kisha wakakutana tena kuonyesha walichokitenda. Zipo nyota zilizopatikana kwa kupanga stoo upya, kwa kubandika maelekezo ya kazi ukutani, na kwa kugawa zamu vizuri, pasipo mashine mpya hata moja. Maabara ya Hospitali ya Bugando, Mwanza, ni miongoni mwa zile zilizopanda hadi kupata ithibati ya SADCAS, chombo cha nchi za Kusini mwa Afrika chenye makao yake Gaborone, Botswana.

Hata hivyo, ithibati isifanywe hirizi. Hutolewa kwa vipimo vilivyotajwa, si kwa jengo zima. Hutolewa kwa muda, na wakaguzi hurudi. Maabara ikifagia na kupaka rangi wiki ya ukaguzi, kisha ikalala mwaka mzima, imepata pambo la ukutani na wala haikupata ubora.

TUNDUMA NA NENO LA NCHI

Zipo sehemu ambako jibu bovu humdhuru mgonjwa mmoja. Tunduma si sehemu ya namna hiyo. Hapa barabara kuu ya kwenda Zambia na reli ya TAZARA zinavuka mpaka. Hapa watu wa Tunduma na wa Nakonde wananunua unga katika soko moja na kuoana. Hapa, tangu Oktoba 2019, maofisa wa nchi mbili wanafanya kazi katika kituo cha pamoja. Jibu la maabara likitolewa upande mmoja, linasomwa pande zote mbili.

Mei 2020 jambo hilo lilionekana waziwazi. Katika siku moja Zambia ilitangaza wagonjwa wapya 85 wa korona, na 76 kati yao walitoka Nakonde. Mpaka ukafungwa kwa siku chache. Mchuuzi wa Tunduma, ambaye hajawahi kuona hadubini maishani mwake, akalala na njaa kwa sababu ya majibu ya maabara. Mwezi huo huo, kule Namanga, madereva wa Tanzania waliopimwa na Kenya na kuambiwa wanavyo virusi walipimwa tena upande wa Tanzania na kuambiwa hawana. Huenda kila maabara ilikuwa na maelezo yake, maana kirusi kinachoonekana leo huweza kisionekane siku zifuatazo. Lakini swali lililobaki barabarani lilikuwa lile la mizani: nani shahidi?

Swali hilo lilifika hata kwenye Maabara Kuu ya Taifa. Tarehe 3 Mei 2020, akiwa Chato, Rais John Magufuli alieleza kwamba sampuli za mbuzi na za papai zilipelekwa huko zikiwa na majina ya watu, na baadhi zilirudi na jibu la kuwa na virusi. Kesho yake viongozi wa maabara hiyo walisimamishwa kazi, na kamati ya uchunguzi ikaundwa. Habari hiyo ilizungumzwa sana, huku wengine wakicheka na wengine wakikasirika. Funzo lake halikuzungumzwa vya kutosha. Kuipelekea maabara sampuli isiyoijua ni njia halali kabisa. Ndiyo ile ile inayotumika katika mtihani wa nje. Lakini ili njia hiyo ithibitishe jambo, sampuli hiyo haina budi iwe ya aina ambayo kipimo kimetengenezwa kuipima, yaliyomo yajulikane kwa hakika, na kila mkono ulioishika uandikwe. Papai si sampuli ambayo kipimo hicho kilitengenezwa kuipima. Kwa hiyo shaka ya namna ile haiwezi kumalizwa kwa hotuba, wala kwa kiapo cha wafanyakazi. Humalizwa kwa majalada: chati za kila siku, majibu ya mitihani ya nje, na taarifa za wakaguzi, vyote vikiwa tayari kabla shaka haijazaliwa. Ushahidi unaotafutwa baada ya mashtaka hauna nguvu.

Upo pia mfano wa upande wa pili. Julai 2022, wilayani Ruangwa, mkoa wa Lindi, watu walianza kuugua homa na kutokwa damu puani, na hofu ya Ebola ikatanda. Sampuli zilipimwa: si Ebola, si Marburg, si korona. Uchunguzi ukaendelea mpaka ikajulikana kuwa ni homa ya mgunda, ambayo mtu huipata kwa kugusa maji au udongo wenye mkojo wa wanyama walioambukizwa, na ambayo ina dawa. Wagonjwa walikuwa 20, na watatu walifariki. Jibu hilo liliwaelekeza madaktari kwenye tiba na likawaondolea wananchi hofu. Fikiri ugonjwa kama huo ungetokea Tunduma, malori mamia yakiwa kwenye foleni na nchi jirani ikingoja kuambiwa. Siku kama hiyo karatasi moja yenye kuaminika ni sawa na lango lililo wazi.

FEDHA NA MUDA

Watakuwapo wa kusema kwamba haya ni mambo ya matajiri. Zahanati yenye mtaalamu mmoja, aliye pia mtoa dawa, itajazaje majalada? Hoja hii si ya kubezwa. Upungufu wa watumishi ni wa kweli, na ni kosa kumpa mtu mmoja kazi ya watatu kisha kumlaumu kwa ukurasa mtupu. Lakini dakika mbili za kusoma kipimajoto huokoa katoni ya vitendanishi isiharibike, na chupa iliyoandikwa vizuri huokoa safari ya pili ya mama aliyetembea kutoka Kamsamba. Anayesema hana muda wa kufanya kazi sawasawa huulazimisha muda wa kuirudia.

Hoja ya fedha ni nzito zaidi. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya kazi ya kuinua maabara, hasa kwa ajili ya UKIMWI na kifua kikuu, ilibebwa na fedha za Marekani. Januari 2025 nchi hiyo ilisimamisha misaada yake ya nje, na nchi nyingi za Afrika zikatambua ni kiasi gani cha afya ya watu wao kilikuwa kimeandikwa katika daftari la mtu mwingine. Kujitegemea ni neno la zamani katika nchi hii. Leo maana yake ni kwamba ada ya ukaguzi, sampuli za mtihani wa nje na mkataba wa matengenezo ya mashine viwe na kifungu chao katika bajeti ya halmashauri, kama vilivyo na kifungu mafuta ya gari.

WAJIBU WA WASIOVAA KOTI JEUPE

Kwa hiyo ubora wa maabara hauwahusu wataalamu wa maabara peke yao. Ofisa ununuzi anayeagiza vitendanishi baada ya kwisha ameshiriki katika jibu litakalokosekana. Ofisa mipango anayenunua mashine bila mkataba wa matengenezo amenunua kabati. Mhandisi anayekata maji bila kutoa taarifa, na mhasibu anayelaza hati ya malipo mezani wiki tatu, wote wanaifikia damu ya mgonjwa ingawa hawakuigusa. Mganga mfawidhi anayemkemea mfanyakazi kwa kuripoti kosa amewafundisha wengine wote kuficha.

Walimu nao wana wajibu ulio mkubwa kuliko unavyodhaniwa. Katika chumba cha sayansi mwanafunzi hupima, jibu likitoka tofauti na la kitabuni, naye hulifuta na kuandika la kitabuni. Mara nyingi hupewa alama zote. Huo ndio mwanzo. Kijana huyo baada ya miaka kumi atakuwa mtumishi anayejaza joto la jokofu la wiki nzima Ijumaa jioni kwa kalamu moja: nne, nne, tano, nne. Karatasi itapendeza, na vitendanishi vitakuwa vimeoza. Mwalimu anayempa alama mwanafunzi aliyeandika kwa uaminifu kile alichokiona, hata kama si kile kilichotarajiwa, anaijenga maabara ya nchi kuliko mfadhili.

Na kila mwananchi ana haki ya kuuliza. Akifika dirishani aulize kwa adabu: maabara hii ilikaguliwa lini, na ilipata nyota ngapi? Swali hilo halimdhalilishi mtaalamu mwaminifu. Humpa nafasi ya kuonyesha kazi yake, ambayo kwa kawaida haionwi na mtu. Mkoa wa Songwe ulizaliwa mwaka 2016, na taratibu zake nyingi bado zinajengwa. Ni rahisi kuzoea kuandika ukweli tangu mwanzo kuliko kuuanza baada ya maafa. Jokofu litasomwa kesho asubuhi Vwawa, Itumba, Mkwajuni na Tunduma. Litakaloandikwa hapo, mbele ya jalada na bila mtu wa kutazama, ndilo litakaloamua kama neno la Tanzania litapokelewa upande wa pili wa mpaka.